Vijiti Vinne Vilivyolala

Mwanangu wa kiume huja kwangu Jumapili, baada ya misa. Anakunywa chai, anaangalia kama paa linavuja, anarudi mjini kwa mke wake. Hajawahi kubadilisha siku. Kwa hiyo Jumanne ile nilipomwona anashuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wangu hapa Rugerero, upande wa Rwanda, mkononi ana mfuko wa sambaza, samaki wadogo wabichi wa ziwani, niliogopa kabla hajafungua mdomo.

"Mama, umekula?"

Nilishika mwimo wa mlango.

Kwa mtu wa mbali hilo ni swali la upendo. Kwetu ni swali la kuogopesha, kwa sababu habari ya msiba haipewi mtu mwenye njaa. Kwanza wanakulisha. Halafu viti vinaanza kuingia, kimoja kimoja, kama vile vinajileta vyenyewe. Halafu mtu mzima anakohoa, anasema fulani alikuwa amechoka kidogo. Amechoka! Ndipo unajua. Mimi mwenyewe nimewafanyia wengine hivyo. Dada yangu wa Mudende alipofiwa na kijana wake, ni mimi nilimkalisha mbele ya sahani ya viazi, nikamwambia kula, dada, kula, na huku nilijua. Sijutii. Lakini anayejua mchezo anaogopa zaidi ya asiyeujua.

"Mi sili," nilimwambia mwanangu.

"Mama, ni sambaza tu."

"Ni sambaza ya Jumanne. Kaanga, ule we mwenyewe."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Akaleta habari za dadake: eti amechoka kidogo na kazi, ndiyo maana hapigi simu.

Dadake ndiye binti yangu. Ameolewa Japani. Tangu aende huko alikuwa ananipigia kila siku ya pili: kwetu mchana, kwao jua limeshazama. Wakati ule alikuwa amenyamaza karibu wiki mbili. Nikipiga mimi, anashika mkwe wangu, Mjapani, mtu mpole wa kuinama kichwa hata mbele ya simu. Maneno ya Kiswahili anayojua yanahesabika kwa vidole.

"Mama sawa," ananiambia. "Mama lala."

Lala gani hiyo ya wiki mbili? Na nyuma yake mjukuu wangu, msichana wa miaka saba, amesimama ananiangalia kama picha ya ukutani. Mtoto anayeongea mpaka unamwambia nyamaza, siku zile alikuwa ananyamaza peke yake.

Bon. Lazima niseme habari ya barua, vinginevyo mtaona mimi ni mzee wa kuogopa vivuli.

Mume wangu alikufa mbali, ndani kabisa ya Kongo, alikokuwa anafanya kibarua. Tulikuwa tunaishi Goma wakati huo, na mimi sikujua hata herufi moja. Dereva wa lori akaniletea barua. Niliifunga kwenye pindo la kitenge, nikaenda kutafuta macho ya kunisomea. Mwalimu aliisoma, akakunja karatasi polepole. "Anakusalimia," akasema. Mke wake akanipa maharage. Mwenye duka naye akaisoma. "Anakusalimia sana, mama, anasema uvumilie." Akanipa mkate, na hakutaka nilipe. Siku mbili nilizunguka na barua ile, nikiicheka, nikiwaambia wanawake wa sokoni kwamba mume wangu amekuwa mtu wa salamu. Siku ya tatu nikarudi nyumbani nikakuta viti.

Nilikuwa nimebeba msiba wangu mwenyewe kwenye pindo la nguo siku mbili, na kila aliyeusoma alinipa chakula.

Baada ya matanga nilikwenda kwenye darasa la watu wazima la kanisa, nikajifunza ba be bi bo bu. Sikujifunza kwa furaha. Nilijifunza kwa hasira, na niliapa kwamba hakuna mtu atakayenisomea tena.

Sasa karatasi za mtoto zilianza kufika siku moja baada ya sambaza. Mkwe wangu alizipiga picha akanitumia kwenye simu, na chini yake akaweka kichwa kile cha manjano kinachocheka. Alidhani mtoto anamwandikia bibi yake salamu tu. Karatasi ya mistari ya shule, na juu yake maandishi yao, makubwa, yaliyopinda, yanayoshuka kutoka juu kwenda chini kama matone ya mvua kwenye dirisha. Ya kwanza Jumatano. Ya pili Ijumaa. Ya tatu, yenye maandishi yaliyobanana zaidi, Jumapili.

Nilimpa mwanangu simu baada ya misa. Yeye ana simu inayosoma lugha za dunia nzima. Unaielekeza kwenye karatasi, inakwambia. Aliielekeza. Simu ikatoa maneno yasiyoshikana, ya mtu mwenye homa. Akajaribu karatasi ya pili. Hivyo hivyo.

"Unaona, Mama? Anachezea tu kalamu. Hata mashine haielewi."

Alivyosema hivyo, nilimwona anapumua. Mabega yake yalishuka. Mtu anayepumua hivyo alikuwa anaogopa kitu kisomwe. Nikajisemea: huyu anajua. Na kama anajua na hasemi, basi ni lile la viti.

"Komera, Mama," aliniambia akiondoka. Jipe moyo. Kwa nini nijipe moyo kama mtoto anachezea kalamu?

Nilikaa mbele ya ukuta wa sebule. Kwenye ukuta huo, kando ya kalenda ya parokia, kuna karatasi ya plastiki aliyoibandika mjukuu wangu walipokuja kututembelea mwaka juzi. Ni herufi zao zote, za watoto wanaoanza, kila moja kwenye kisanduku chake. Aliibandika kwa gundi ya unga, na sikuwahi kuthubutu kuitoa. Na kwenye simu yangu kuna video ya siku ile: yuko na miaka mitano, ameshika mwiko wangu wa ugali, anagonga kila kisanduku na kuimba. A, i, u, e, o. Ka, ki, ku, ke, ko.

Nilikuwa nimeiangalia mara mia kwa ajili ya sauti yake tu. Safari hii niliangalia mwiko.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba anaanzia kulia. Anagonga kisanduku cha juu, upande wa kulia kabisa, anashuka, halafu anasogea kushoto. Kinyume na sisi. Kitu cha pili, na hapa nilikaa vizuri kwenye kiti: ilikuwa ni ba be bi bo bu. Kila alama ni sauti nzima, konsonanti na vokali yake, kama tulivyofundishwa kanisani. Watu wanasema maandishi ya Wajapani ni msitu. Yapo mengine ya wakubwa, hayo ni msitu kweli, sikuyagusa. Lakini haya ya watoto ni shamba lenye mistari.

Nilinunua daftari la visanduku, lile la hesabu. Kila asubuhi nilisimamisha simu kwenye kopo la sukari, nikamwacha mtoto aimbe, nikaandika. Nilizipa herufi majina ya kwangu ili zisinitoroke. Ku ni mdomo wa kuku unaopiga kelele. Shi ni ndoano ya wavuvi. He ni kilima, hakina ubishi. No ni ngata ya kubebea mtungi kichwani, imezungushwa hivyo hivyo. Zile zinazofanana zilinitoa jasho: nu na me ni mapacha wabaya, mmoja ana mkia, sa na ki, moja ina fimbo ya ziada. Na kuna vidoti viwili vidogo kwenye bega la herufi, kama machozi, vinavyogeuza ka kuwa ga. Hivyo havikuwa kwenye wimbo wa mwiko. Viko pembeni ya karatasi ya ukutani, kwa maandishi madogo, na niliviona siku ya tatu.

Siku zote hizo nilikuwa naogopa. Sitaki mtu aseme bibi alipata kitu cha kujiburudisha. No yangu ilikuwa inatoka kama utumbo. Kila herufi niliyoijua ilinisogeza karibu na kitu ambacho sikutaka kukijua. Siku nyingine nilifunga daftari nikaenda kupalilia, nikarudi mikono ina udongo, nikalifungua tena.

Jirani yangu, anayevuka mpaka kila siku na karoti kwenda Goma, alinikuta barazani na daftari.

"Yoo! Koko, unasoma Kichina? Unataka kuolewa?"

"Ni Kijapani."

"Ah, bon. Basi mahari itakuwa magari."

"Nenda na karoti zako, we mwanamke."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Lakini jioni ile alirudi, na alikuwa amebeba viti. Viti vinne vya plastiki, vimepandana, amevikumbatia. Anakuja polepole kwenye njia, na jua liko nyuma yake, simwoni uso.

Daftari lilianguka. Nilisikia sauti inatoka kwangu, sauti ya mnyama.

"Koko! Koko, kuna nini?"

"Nani kakutuma na viti? Sema! Nani kafa?"

"Viti vyako, koko! Nilivikopa kwa ubatizo. Yesu we, nimekuletea viti vyako!"

Alinikalisha kwenye kimoja. Alinipepea kwa kanga yake. Halafu, maskini, akanilainishia sauti: "Umekula leo?" Nilimfukuza.

Usiku ule sikulala, na asubuhi niliamua kwamba inatosha, nitasoma nilichonacho hata kama kuna mashimo.

Niliweka karatasi ya kwanza. Juu kabisa, upande wa kulia, kulikuwa na herufi niliyoijua kuliko zote maana ni rahisi: vijiti viwili vilivyolala, kimoja juu ya kingine. Ko. Na chini yake, tena, vijiti viwili vilivyolala. Ko. Nikaangalia karatasi ya pili: mwanzo wake, vijiti vinne. Ya tatu: vijiti vinne.

Koko. Huku kwetu mpakani ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi yao. Alikuwa ananiita mimi.

Lakini akili yenye hofu ni mjinga. Badala ya kushuka pale pale, mkono wangu ulikwenda kushoto, kama ninavyosoma kitabu cha nyimbo, nikaanza na mstari wa mwisho wa karatasi ile ya tatu bila kujua. Niliweka kidole. Na. O. Go, ile yenye machozi mawili. Pa.

Na-o-go-pa.

Nilisoma tena. Nilidhani ni mimi nimesema, moyo wangu umeongea kwa mdomo. Hapana. Ilikuwa imeandikwa. Naogopa. Kiswahili! Kiswahili kile kile nilichomfokea nacho mama yake Goma, na mama yake akamfokea nacho huko Japani, mtoto amekivalisha nguo za huko. Ndiyo maana mashine ya mwanangu iliweweseka: ilitafuta Kijapani, hakikuwemo. Ndiyo maana baba mtu anatuma na vicheko. Duniani kote hakuna aliyeweza kusoma karatasi zile isipokuwa mtu mwenye Kiswahili chetu na herufi za watoto wa Kijapani. Na mtoto wa miaka saba alikuwa amenisubiri mimi siku nane.

Nikarudi kulia. Nikasoma kwa kidole, herufi moja moja, kwa sauti, peke yangu sebuleni.

Koko. Mama iko mugonjwa. Iko hospitali. Mimi na papa tunakula mikate.

Karatasi ya pili. Koko. Mama iko na kitu ndani ya tumbo. Watamupasua Ijumaa ingine. Mama alisema nisikusemeshe. Mi sisemi. Mi naandika.

Ya tatu ilikuwa na mahali alipofuta mpaka karatasi ikachanika. Koko, unasoma? Njoo. Naogopa.

Niliangalia kalenda ya parokia. Ijumaa ingine ilikuwa kesho.

Nilimpigia mwanangu kazini. Sikumsalimu. "Njoo," nikamwambia, "na usilete samaki."

Alikuja mbio, tai shingoni. Nilimwekea daftari mezani, na simu juu yake. "Mama ya mtoto iko hospitali. Kesho wanamupasua tumbo. Nimesoma. Sasa useme yote, na usiniulize kama nimekula."

Alisimama kama alivyokuwa anasimama akiwa mdogo amevunja kitu. Halafu akakaa, kwenye kiti cha ubatizo.

"Alisema nisikuambie, Mama. Alinilazimisha. Alisema moyo wako."

"Moyo wangu!"

"Ni uvimbe. Wanaona ni wa kutolewa tu. Lakini hawajui mpaka wafungue."

"Hawajui?"

"Hawajui."

Hilo neno lilikuwa baya, lakini lilikuwa neno la kweli, la kwanza tangu Jumanne ya sambaza. Nililishika. Nilimwambia: "Baba yako nilimbeba kwenye kitenge siku mbili. Unajua hiyo hadithi?"

"Najua, Mama."

"Na ukanifanyia tena."

Alilia. Sikumbembeleza. Nilikuwa na kazi, mtoto alikuwa ananisubiri.

Kuandika ni kugumu kuliko kusoma. Herufi unayoijua ukiiona inakukimbia ukiitaka. Nilianza na vijiti vinne. Halafu nikaangalia ukutani kwa kila inayofuata. La hawana, nikaweka ra. Ilinichukua muda wa kuiva maharage. Nilitaka kumwandikia mambo makubwa, Mungu, ujasiri, lakini herufi nilizozijua vizuri hazikutosha ujasiri. Niliandika: Koko amesoma. Koko pia anaogopa. Umekula?

Nilipoona nilichoandika, nilishtuka, nikataka kukifuta. Kisha nikaacha. Yeye alikuwa hajui bado maana yake kwetu. Mwanangu akapiga picha, akamtumia shemeji yake.

Ijumaa sikumbuki vizuri. Mwanangu hakwenda kazini. Tulikaa na simu katikati yetu mezani kama mgonjwa. Mkwe wangu hakupiga. Mchana ulipita, jioni ikaja, na mwanangu hakugusa hata chai. Alilala kwenye mkeka wa sebule na viatu vyake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba, nawasha mkaa, simu ikalia mfukoni mwa aproni. Picha. Karatasi ya mistari. Nilikaa chini pale pale kwenye kizingiti cha jiko, na kidole changu kina masizi, kikaacha alama kwenye kioo. Safari hii nilianzia kulia.

Koko. Nimekula. Wali na yai. Mama iko macho. Mama amesoma karatasi yako, ameuliza nani amemwambia koko. Mi sikusema.

Nilisoma mara tatu, kwa sababu sa na ki zake huwa zinanidanganya. Iko macho. Anauliza maswali, tena ya hasira. Ni yeye.

Nikasimama kwa shida. Niliingia ndani na simu mkononi, na uso wangu sijui ulikuwaje, sikuwa na kioo. Mwanangu alikuwa ameamka, amekaa kwenye mkeka. Nilimwona alivyokonda kwa siku mbili tu, mashavu yameingia, na kama mama yeyote nikamwuliza kitu cha kwanza kilichonijia:

"We, umekula?"

Akawa rangi ya majivu. Akaweka mikono yote miwili chini, kama ardhi inamkimbia.

"Mama," akasema. "Mama, hapana. Sema tu."

Ndipo nikaelewa nilichofanya.

"Iko muzima, we mjinga!" nikapiga kelele. "Iko muzima, iko macho, mtoto ameandika! Mi nauliza tu kama umekula!"